Safu ya Mjomba: Wananitaka mimi bila bendi yangu, nitie saini?

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mwanamke wa miaka 31, mzaliwa wa Nakuru, na makao yangu ni Nairobi. Kwa miaka saba sasa nimekuwa mwimbaji na mtunzi katika bendi ya watu wanne inayopiga muziki wa panki. Najua kwamba wasomaji wako wengi wakilisikia neno hilo huwaza mkato wa nywele, kwa hiyo naomba nieleze kidogo. Nyimbo zetu ni fupi, nyingi hazifiki dakika tatu. Zinakwenda mbio, gitaa linakwaruza, nami huimba kwa sauti ya juu, mara nyingine kwa kupiga ukelele kabisa, kuhusu kodi ya nyumba, maji ya mfereji yasiyokuja, na mikopo ya simu inayomfanya mtu aogope kupokea simu ya mama yake mzazi. Maneno yote naandika mimi kwa Kiswahili. Mahadhi pia huanza kwangu, usiku chumbani na gitaa la kawaida, kisha Jumapili wenzangu huyachukua na kuyageuza wanavyojua.

Mchana mimi ni karani wa stoo katika duka la jumla la vifaa vya ujenzi, Eneo la Viwanda. Mshahara si mkubwa, lakini haujawahi kuchelewa kupita tarehe 28. Bendi, kwa upande wake, haijawahi kunilisha. Onyesho letu la mwisho lilihudhuriwa na watu 74 waliolipa kiingilio cha shilingi 500. Katika hizo shilingi 37,000 tulilipa 20,000 za kukodi spika na amplifaya, na 5,000 za usafiri na mlinzi wa mlangoni, tukabaki na 12,000 za kugawana wanne. Niliuza pia fulana 19 nilizochapisha kwa pesa zangu mwenyewe.

Mambo yalibadilika kwa sababu ya wimbo mmoja, ule wa mikopo ya simu. Mtu tusiyemjua alitumia kipande chake kwenye video fupi, na ndani ya wiki mbili watu wakawa wanakiimba kwenye matatu. Kampuni moja ya muziki ikanipigia. Wananipa shilingi 600,000 kama malipo ya awali, mkataba wa miaka mitano na albamu tatu. Rekodi zote, pamoja na zile za zamani, zitakuwa mali yao milele na duniani kote, na watachukua asilimia 30 ya kila ninachopata, yakiwemo maonyesho na fulana. Wananitaka peke yangu. Wanamuziki wanao wao. Wanasema nyimbo zipunguzwe mwendo ili redio ziweze kuzipiga, na kwamba niache kazi. Wamenipa siku 21, na nane zimekwisha kupita.

Niliwaambia wenzangu. Mpiga drams, ambaye tumekuwa marafiki tangu kidato cha pili, alinijibu kwamba wimbo ule si wangu wa kuuza, kwa kuwa watu wanachokisubiri ni pale drams zinapokatika ghafla na ukumbi mzima ukaitikia, na pale alipabuni yeye. Mpiga gitaa anasema nitie saini, nikishafika juu nitawavuta. Mpiga besi hajasema neno, na kimya chake kinaniumiza kuliko maneno ya wengine. Hatujawahi kuandikiana chochote. Nilipoupakia wimbo intanetini nilijaza jina langu peke yangu kwenye nafasi ya mtunzi, kwa kuwa fomu ilihitaji jina na nilikuwa na haraka.

Mama yangu ni mwalimu wa kwaya kanisani. Alikuja kutuona mara moja tu, akaondoka kabla ya wimbo wa tatu, na kesho yake akaniambia nimeiharibu sauti aliyoilea tangu nikiwa na miaka sita. Kwa kweli baada ya kila onyesho sauti hukauka siku mbili. Yeye anasema nikubali, maana hao watu angalau watanifundisha kuimba kistaarabu.

Je, Mjomba, yupo mtu duniani aliyeishi kwa muziki huu bila kumilikiwa na mtu? Au mimi ni mtu mzima ninayecheza mchezo wa watoto?

Karani wa Stoo, Nairobi


MJOMBA ANAJIBU

Marahaba, mpwa wangu.

Umeniuliza kuhusu kampuni, kazi, umri na mama, lakini sentensi iliyonifanya niitafute kalamu nyekundu umeipitia kwa haraka ile ile uliyokuwa nayo siku hiyo: kwamba kwenye nafasi ya mtunzi ulijaza jina lako peke yako. Wewe ni karani wa stoo. Kama lori lingeleta saruji ya watu wanne nawe ukaambiwa uiandike kwa jina la mmoja, usingeitia muhuri. Nitaanzia hapo, na kampuni itasubiri zamu yake.

Kwa miaka 11 nilipiga gitaa la besi katika bendi ya hoteli, pwani ya kusini ya Mombasa. Siku zile wanamuziki wawili wakikutana, swali lililotangulia habari za watoto lilikuwa hili: vyombo ni vya nani? Mwenye vyombo ndiye aliyekuwa na bendi. Sisi wengine tulikuwa na vidole tu. Ndivyo ilivyokuwa hata kwa mabingwa wa Dar es Salaam. NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, ikawa chini ya shirika la maendeleo la jiji, DDC. Wanamuziki walikuwa waajiriwa wenye mshahara, jambo ambalo sitalikejeli hata kidogo, kwa sababu mshahara ule ulilea nyimbo ambazo hadi leo zinawatoa wazee vitini. Lakini baadhi ya vigogo wa Mlimani Park walipohamia Orchestra Safari Sound mwaka 1985, walikwenda kwa mwenye vyombo mwingine. Mimi nilipoondoka kwenye bendi yangu niliacha vyombo, na niliacha pia wimbo mmoja ambao miaka michache baadaye niliusikia redioni ukitajwa kuwa utungo wa mwenye vyombo. Sikuwa na karatasi, na mashahidi wangu watatu walikuwa bado wanakula kwake.

Siku hizi gitaa hupatikana kwa mtumba, na hakuna atakayewashika kwa kuwanyima amplifaya. Chombo chenye thamani kimehamia kwingine, kwenye utungo na kwenye rekodi, na hivyo ni vitu viwili ambavyo watu wengi, wakiwemo wapiga drams wenye hasira, huvichanganya. Utungo ni maneno na mahadhi. Rekodi ni ile sauti iliyonaswa studio siku fulani kwa fedha za fulani. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inavilinda vyote viwili, kila kimoja kwa haki yake. Utungo unalindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hiyo ule wimbo wa mikopo ya simu, ukiishi hadi uzeeni, utakuwa bado na mwenyewe wakati wajukuu wako wana mvi. Na kuhamisha haki hiyo kwa mtu mwingine hakufanyiki kwa mdomo. Kunataka maandishi na saini. Ndiyo maana wanaiharakisha saini yako.

Sasa rafiki yako wa kidato cha pili. Kwa desturi ya biashara ya muziki, pigo la drams huhesabiwa kuwa upigaji, na mtunzi ni mwenye maneno na mahadhi. Ukienda kwa wakili huenda akakuambia umeshinda. Nami nakuambia usiende kushinda. Umeandika kwa mkono wako kwamba kinachosubiriwa na ukumbi ni pale drams zinapokatika na watu wakaitikia. Hapo hakupiga tu, alijenga kiitikio. Pendekezo langu ni kwamba kila wimbo ugawanywe nusu mbili, nusu ya maneno ibaki yako yote, na nusu ya muziki igawanywe sawa kwa wanne. Utabaki na asilimia 62 na nusu, na kila mwenzako atapata 12 na nusu. Kama studio mlilipia pamoja, rekodi iwe robo kwa robo. Andikeni hayo kwenye karatasi moja, wimbo kwa wimbo, mtie saini wote wanne mbele ya mtu asiye na gitaa, kisha msajili tungo zenu kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya na kuirekebisha ile fomu ya intaneti. Andikeni pia kitakachotokea mmoja akiondoka, na jina la bendi litabaki kwa nani. Hili la jina watu huliona la kipuuzi mpaka siku bendi mbili zinapotangaza onyesho kwa jina moja.

Nalisema hili kwa ukali kwa sababu katika muziki wako kuna dhana kwamba mtu akiikataa kampuni kubwa, basi haki itajileta yenyewe. Wasome Dead Kennedys, bendi ya panki ya San Francisco. Mwaka 1979 waliunda lebo yao, yaani kampuni yao ya kutoa rekodi, Alternative Tentacles, ambayo baadaye ilibaki mikononi mwa mwimbaji wao, Jello Biafra, na kwa miaka mingi walikuwa mfano wa bendi isiyouza roho. Mwaka 1998 wenzake watatu walimpeleka mahakamani kuhusu mrabaha, yaani fungu lao la mapato ya rekodi, ambao hawakulipwa inavyostahili. Mwaka 2000 baraza la mahakama likaamua dhidi yake, na rufaa yake haikufua dafu mwaka 2003. Hapakuwa na kampuni kubwa ya kulaumiwa. Palikuwa na marafiki na hesabu.

Utaniambia kuhusu Dischord, lebo ya panki ya Washington, na utakuwa na haki. Mwaka 1980 vijana wa bendi ya Teen Idles, akiwemo Ian MacKaye, hawakugawana pesa za maonyesho yao kama mlivyogawana ninyi zile 12,000, waliziweka kibubuni. Bendi ilipovunjika, pesa zile zilitoa santuri yao ya nyimbo nane, na kwa kuwa hawakumudu kulipia majalada, walilifumua jalada la santuri nyingine ili walione lilivyokunjwa, wakakata na kugundisha ya kwao nyumbani, moja moja, kwa mikono. Lebo ile ingali hai baada ya zaidi ya miaka 40, nayo ilijulikana kwa kufanya kazi na bendi zake bila mikataba ya maandishi: gharama zikisharudi, faida inagawanywa. Naiheshimu sana. Lakini wale walitoka mtaa mmoja na mji mmoja, na mwenye daftari alikuwa mtu wa kupiga hesabu hadi senti. Chukua kibubu chao, karatasi usiiache.

Nije kwa kampuni yako. Hizo shilingi 600,000 ni mkopo. Zitarudishwa kutoka kwenye fungu lako la mauzo, na kwa kawaida gharama za studio na video huongezwa juu yake, kwa hiyo unaweza kupita miaka miwili ukisikia wimbo wako kila kinyozi huku taarifa yako ya mrabaha ikisoma sifuri. Asilimia 30 ya maonyesho na fulana wanaichukua hata kwenye kazi wasiyoifanya. Zile fulana 19 ulizochapisha kwa mshahara wa stoo, karibu sita zingekuwa zao. Na neno milele, mpwa wangu, ni refu kuliko miaka mitano ya mkataba. Mkataba ukiisha utatoka wewe, rekodi zitabaki, zikiwemo zile za zamani ambazo robo tatu yake pengine si zako wewe kuzitoa.

Yapo mambo mawili ya zamani ningependa uyaweke mezani kabla ya siku zako 13 zilizobaki kwisha. La kwanza ni la ndugu watatu weusi wa Detroit, akina Hackney, waliokuwa na bendi iitwayo Death. Mwaka 1975 walirekodi nyimbo ambazo leo wajuzi huzihesabu kuwa panki kabla panki haijapewa jina. Mkuu wa kampuni kubwa ya kurekodi aliyekuwa akiwagharimia aliwataka wabadilishe jina la bendi. Wakakataa, na fedha zikakoma. Mwaka 1976 walitoa santuri ndogo kwa fedha zao, nakala 500 tu, na dunia ikapita kando. David, kaka mkubwa aliyelishikilia jina lile, alifariki mwaka 2000. Lakini kanda walikuwa nazo wenyewe, na mwaka 2009 zilitoka kama albamu ambayo ilizunguka dunia, na ndugu wawili waliobaki wakapanda tena jukwaani. Sikusimulii ili nikufariji kwa utajiri wa baada ya kifo. Ninachotaka ukione ni kanda zilikuwa nyumbani kwa nani.

La pili ni la waliosaini. Ramones wa New York walitoa albamu yao ya kwanza mwaka 1976, nyimbo 14 kwa muda usiofika nusu saa, iliyorekodiwa kwa takriban dola 6,400. Hakuna bendi ya panki duniani isiyoijua. Cheti cha dhahabu cha mauzo nchini Marekani ilikipata mwaka 2014, miaka 38 baadaye, na kufikia hapo watatu kati ya wale wanne wa mwanzo walikuwa kaburini. Wa nne akawafuata Julai ya mwaka huo huo. Katikati ya hapo walikuwa wamefanya maonyesho zaidi ya 2,200, mengi yake wakiwa wamebanana ndani ya gari dogo, huku wawili kati yao hawasemeshani. Kampuni inaweza kukununulia studio nzuri. Wasikilizaji wa muziki wa namna hii huja kwa mwendo wao.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba mkataba huo usiutie saini. Waandikie, kwa adabu, kwamba bendi ya watu wanne iko tayari kuwapa leseni ya wimbo huo mmoja kwa miaka mitatu, rekodi ikibaki mali ya bendi, na kwamba maonyesho na fulana havimo. Karatasi yenu ya ndani iwe imekwisha sainiwa kabla barua hiyo haijatoka, na isomwe na wakili ambaye hakuletwa na kampuni. Lipeni ada yake kutoka kibubuni, hata ikiwabidi kukiweka kibubu hicho leo. Wakikubali, mtakuwa mmeanza vizuri. Wakikataa, utakuwa umejua kwamba walikuja kununua sura yako na kipande cha sekunde 15, maana mtu anayetaka nyimbo zako zipunguzwe mwendo na wenzako waachwe nyuma hajaeleza bado ni kitu gani hasa alichokipenda.

Umeniuliza kama yupo aliyeishi kwa muziki huu bila kumilikiwa. Wapo, na ni wachache, na karibu wote walikuwa na kazi nyingine kwa miaka mingi. Henry Rollins alikuwa msimamizi wa duka la aiskrimu Washington kabla hajaitwa kuimba katika bendi ya Black Flag mwaka 1981. Mpiga gitaa wa bendi hiyo, Greg Ginn, alikuwa tangu utotoni na kibiashara cha vifaa vya redio kwa posta, na biashara hiyo ndiyo iliyozaa lebo ya SST. Buzzcocks wa Manchester walikopa pauni 500 kwa jamaa na marafiki, wakachapisha nakala 1,000 za santuri yao ya kwanza Januari 1977 wakihofia kubaki nazo, na hatimaye zikauzwa karibu 16,000. Kwa hiyo stoo usiiache. Huo mshahara wa tarehe 28 ndio unaokuwezesha kusema hapana kwa simu ya kampuni, na daftari unaloshika mchana ni ujuzi ambao bendi nyingi huukosa hadi kufa kwake.

Hesabu ya onyesho lenu nayo inahitaji mkono wa karani. Watu 74 hawahitaji spika za shilingi 20,000. Fugazi, bendi ya baadaye ya yule MacKaye, kuanzia mwaka 1987 walishikilia kiingilio cha dola tano karibu kila walipoweza, wakakaribisha watu wa kila umri, na wakapiga kwenye kumbi za jamii na mahali popote penye umeme, kwa kuwa walizuia gharama upande wa pili. Tafuteni ukumbi wa mtaa Jumamosi mchana, bila baa, vijana wa sekondari wakiruhusiwa, spika mbili za kwaya zinatosha. Hata Nairobi hamko peke yenu. Crystal Axis wamekwisha onyesha kwamba panki ya Kenya inaweza kuimba kuhusu Mfalme Leopold na kuhusu vyumba vya mateso vya Jumba la Nyayo, na watu wakasikiliza hadi mwisho. Tafuta bendi mbili za aina hiyo mgawane gharama ya spika.

Kuhusu intaneti sitakaa sana. Tangu mwaka 2024 Spotify hailipi kitu kwa wimbo ambao haukusikilizwa walau mara 1,000 katika miezi 12 iliyopita, na ule unaovuka kiwango hicho hulipa kwa vipande vya senti. Uweke nyimbo huko ili watu wakupate, usiweke na matumaini ya kodi ya nyumba. Bandcamp, duka la muziki la intaneti, huchukua asilimia 15 ya albamu inayouzwa kidijitali na asilimia 10 ya fulana, kinachobaki baada ya ada ya malipo ni chenu, na fedha hizo zikija kwa PayPal zinaweza kushuka hadi M-Pesa. Mashabiki wako 40 wanaonunua albamu huko watakulipa kuliko maelfu wanaopita.

Kuna mwanamke ningependa umjue. Poly Styrene, aliyeandikwa kwa jina la Marianne Elliott-Said, alikuwa binti wa mama mwenye asili ya Uskoti na Ireland na baba mzaliwa wa Somalia. Siku alipotimiza miaka 19, mwaka 1976, alikwenda kuiona bendi ya Sex Pistols gatini Hastings, Uingereza, kisha akatoa tangazo gazetini la kutafuta wenzake. Aliandika nyimbo zote, akaimba kwa ukelele akiwa na vyuma vya meno mdomoni, na mwaka 1978 bendi yake ya X-Ray Spex ikatoa albamu. Mwaka uliofuata aliondoka, amechoka na kuugua. Alilazwa hospitali na kupewa jina la ugonjwa ambao si wake, na miaka ikapita kabla haujatambuliwa ulio wake. Albamu yake ya mwisho ilitoka mwaka 2011, mwezi mmoja kabla saratani haijamchukua akiwa na miaka 53. Aliyeanza mapema alilipishwa mapema. Wewe una miaka 31, una kazi, una marafiki wa miaka mingi, na bado unalala usiku. Huo umri unaouonea haya ndio uliokufanya uandike kuhusu mikopo ya simu badala ya kuandika kuhusu nywele.

Kinachonitia wasiwasi ni koo. Sauti ikikauka siku mbili baada ya kila onyesho, unausukuma ukelele kwa koo ilhali ungepaswa kutoka tumboni, na ikikauka wiki tatu mfululizo nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo bila kusubiri onyesho lijalo. Kunywa maji mapema, usinong'one siku ya pili ukidhani unapumzika, maana kunong'ona nako kunaichosha. Mwalimu wa pumzi unaye tayari. Mwombe mama yako akufundishe, kwa nyimbo zako hizi hizi, namna ya kushikilia pumzi hadi mwisho wa ubeti kama anavyowafundisha wanakwaya wake, na umwambie ukweli kwamba hujui. Huenda akakataa mara ya kwanza. Akikubali, mwalike tena kwenye ule ukumbi wa Jumamosi mchana, umwekee kiti karibu na mlango, mbali na spika, na wimbo wa mikopo ya simu uwe wa pili badala ya wa mwisho.